Ukipunguza Wanga, Sahani Unaijaza Nini?

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie ulaji wa wanga kidogo, na aliyenialika akanisihi nisiwachoshe kwa kemia. Nitajitahidi. Kemia ipo, lakini ni kidogo, nimeiweka katikati, na anayetaka kusinzia pale hatapoteza mengi.

Twende kwanza Agosti 2017. Jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uitwao PURE, wa watu 135,335 katika nchi 18. Waliokula wanga mwingi kuliko wote walikutwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka ile ya ufuatiliaji kuliko waliokula mchache. Magazeti yakaandika: mafuta hayana kosa, muuaji ni wanga. Februari 2018, Chuo Kikuu cha Stanford kikatoa matokeo ya jaribio lake, na habari ikawa: punguza wanga au punguza mafuta, ni mamoja. Agosti 2018, jarida jingine la nyumba ile ile ya The Lancet likatoa utafiti wa watu 15,428 wa Marekani waliofuatiliwa kwa takriban miaka 25. Habari ya safari hii: wanga kidogo unafupisha maisha.

Yote hayo ndani ya miezi kumi na miwili. Msomaji wa kawaida akafanya jambo la busara kabisa, akaacha kusoma.

Mimi nataka tusome, tena tusome namba. Katika PURE, kundi la juu lilipata kama asilimia 77 ya kalori zake zote kutoka kwenye wanga. Kundi la chini, lile lililosifiwa, lilipata asilimia 46. Katika utafiti wa Marekani, hatari ndogo kuliko zote ilikuwa kwa waliopata asilimia 50 hadi 55, na ilianza kupanda kwa walioshuka chini ya 40 na kwa waliovuka 70. Sasa zilinganisheni. Wale walioitwa walaji wa wanga kidogo upande mmoja, upande wa pili wangekaa jirani kabisa na watu wa wastani. Aliyesoma jedwali hakuona ugomvi wowote. Ugomvi ulitengenezwa na waliosoma muhtasari.

Halafu mjiulize, asilimia 77 ni mlo wa nani? Si wa mtu aliyeketi akachagua. Ni wa mtu ambaye siku baada ya siku sahani yake ni nafaka iliyokobolewa au mizizi, na kando yake kitoweo cha kuonjea tu. Mwenye njaa hana miiko. Na mtu wa namna hiyo ana mambo mengine mengi yanayomfupishia maisha: hospitali iko mbali, maji si salama, kazi ni ngumu. Watafiti hujaribu kuyaondoa hayo kwa hesabu, na hesabu zao ni nzuri, lakini umaskini hautoki wote kwenye takwimu eti kwa sababu tu umeingizwa kwenye kompyuta.

Katika utafiti wa Marekani kuna sehemu ambayo ilistahili kuwa habari kubwa, na sikuiona katika kichwa cha habari hata kimoja. Waandishi wake waliuliza: hawa waliopunguza wanga, pengo walilijaza kwa nini? Waliolijaza kwa nyama ya ng'ombe, ya kondoo, ya nguruwe na ya kuku, hatari yao ilipanda. Waliolijaza kwa mboga, karanga na jamii yake, na mkate wa nafaka isiyokobolewa, hatari ilishuka. Wote wamepunguza wanga. Huyu amekwenda kulia, yule kushoto. Nakiri utafiti huo ulitegemea watu kujaza dodoso juu ya walichokula, na sisi binadamu tukijaza dodoso la chakula huwa tunajipendelea. Hata hivyo swali walilouliza ndilo ninaloliona la msingi, na ndilo lililonileta hapa: ukiondoa kitu kwenye sahani, sahani haibaki tupu.

Tuje kwenye kemia sasa. Wanga unaokula huvunjwa kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, na insulini inazifungulia seli mlango. Akiba yake huwekwa kwenye ini na misuli kwa jina la glaikojeni, na akiba hiyo hushika maji kama sifongo: kila gramu moja hukaa na takriban gramu tatu za maji. Mtu akikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yanatoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani hushuka kwa kasi ya kufurahisha, na ndiyo maana picha nyingi za "kabla na baada" hupigwa wiki hiyo. Akishuka zaidi, tuseme chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, ini linaanza kutengeneza ketoni kutokana na mafuta, na ubongo unazitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi. Hiyo ndiyo keto. Aliye chini ya gramu 130 kwa siku naye huitwa mlaji wa wanga kidogo. Kati ya gramu 20 na gramu 130 kuna tofauti ya maisha mazima, ila kwenye habari wote huwekwa kapu moja. Mliosinzia, amkeni.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1863 mzika maiti mmoja wa London, William Banting, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi kwa ushauri wa daktari wake. Kikasomwa mno, na hadi leo Afrika Kusini mlo wa namna hiyo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa ketoni kwa wagonjwa wa kifafa, na bado unatumika kwa watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza, chini ya uangalizi wa hospitali. Mwaka 1972 daktari Robert Atkins akatoa Marekani kitabu chake cha mlo wa wanga kidogo. Miaka ya mwanzo ya 2000 mlo wa Atkins ukavuma kupita kiasi, kila kiwanda kikabandika lebo ya "wanga kidogo", kisha mwaka 2005 kampuni aliyoianzisha ikaomba kinga ya kufilisika. Mvumo ulikuwa umehamia kwingine. Huko Afrika Kusini, Profesa Tim Noakes, mtetezi wa mlo huo, alifikishwa mbele ya baraza la wataalamu wa afya kwa sababu ya ujumbe wa Twitter wa 2014 kuhusu kumwachisha mtoto ziwa kwa vyakula vya wanga kidogo. Aprili 2017 akaonekana hana hatia. Nawaeleza hili mjue jinsi ubishi huu unavyopanda joto.

Nirudi kwenye jaribio la Stanford, maana kwangu ndilo lenye mafunzo mengi. Liliongozwa na Christopher Gardner na liliitwa DIETFITS. Watu wazima 609, mwaka mzima, nusu wapunguze mafuta, nusu wapunguze wanga. Mwisho wa mwaka kundi la wanga kidogo lilikuwa limepungua wastani wa kilo 6.0, kundi la mafuta kidogo kilo 5.3. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kumtangaza mshindi. Lakini waliambiwa wale vipi? Makundi yote mawili yaliambiwa wale mboga kwa wingi, waache sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa, wapike chakula halisi kadiri wawezavyo. Kumbe pande zote mbili ziliondolewa takataka zile zile. Ukishaziondoa hizo, ubishi wa wanga na mafuta unabaki mwembamba sana.

Kuna na jambo la pili. Wastani ule wa kilo tano na sita unaficha watu. Ndani ya kila kundi yupo aliyepungua zaidi ya kilo 20, na yupo aliyeongezeka karibu kilo 10, kwa mlo ule ule na washauri wale wale. Watafiti walidhani vinasaba au jinsi mwili unavyotoa insulini vingewaambia mapema nani anafaa mlo upi. Havikuwaambia. Kwa hiyo ukimwona mtu anauza kipimo cha vinasaba cha kukuchagulia mlo, shika pochi yako.

Kisukari cha aina ya pili ndipo wanga kidogo unapopata hoja yake yenye nguvu, na ni haki tuseme hivyo waziwazi. Mwaka 2021 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 23. Baada ya miezi sita, asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa wamefikisha kipimo cha sukari ya miezi mitatu chini ya kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 31 ya wenzao. Hapo wamo pia waliokuwa bado wanatumia dawa. Kufika miezi kumi na miwili faida hiyo ilikuwa imefifia. Sababu mojawapo inaeleweka kirahisi: watu walishindwa kuendelea. Mlo mzuri unaodumu miezi mitano unakupa matokeo ya miezi mitano.

Pembeni yake wekeni jaribio la Uingereza liitwalo DiRECT. Hawa hawakukatazwa wanga. Walipewa supu na vinywaji maalumu, kalori takriban 850 kwa siku kwa miezi kadhaa, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula. Baada ya mwaka asilimia 46 kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya kundi la kulinganishia, na waliopungua kilo 15 au zaidi walifanya vizuri kuliko wote. Kinachoonekana ni kwamba mafuta yaliyojaa kwenye ini na kongosho yakitoka, kongosho hupata nafasi ya kufanya kazi tena. Wanga kidogo ni njia moja ya kufika huko. Ipo na nyingine.

Na sasa habari za karibuni. Januari 2026 serikali ya Marekani ilitoa mwongozo mpya wa lishe. Unataka protini zaidi, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, unaruhusu maziwa yasiyotolewa mafuta, unaonya juu ya vyakula vilivyosindikwa sana, na unasema baadhi ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaweza kufaidika kwa kupunguza wanga. Mashabiki wa keto wakashangilia. Wachache walifika kwenye mstari unaosema mafuta yanayoganda, kama ya siagi na nyama nono, yabaki ndani ya asilimia 10 ya kalori, kama ilivyokuwa zamani. Jaribuni kupanga siku moja yenye siagi, nyama nono na maziwa mazito halafu mbaki ndani ya asilimia 10. Mtakayefaulu, nileteeni hiyo ratiba.

Dawa mpya za kupunguza uzito, semaglutide na jamii yake, nazo zimebadilisha mazungumzo. Katika jaribio lake kubwa la kwanza watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68, na hakuna mlo uliowahi kuleta wastani wa namna hiyo kwa watu wengi hivyo. Lakini anayezitumia hula kidogo sana, kwa hiyo kile kidogo anachokula kinapaswa kubeba protini, vitamini na nyuzinyuzi za kutosha.

Nyuzinyuzi ndizo zinazosahaulika zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Mtu akiacha maharage, matunda na nafaka nzima kwa kuwa zote "ni wanga", zitatoka wapi? Hawezi kuzipata kwenye biskuti ya keto ya kiwandani. Maharage na soda vyote vina wanga, na anayeviweka fungu moja ameshapotea.

Maswali. Ndiyo, mama.

Mama anauliza: yeye anatumia dawa za kisukari, aanze kesho? Hapana, usianze kesho. Ukitumia insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, halafu ukakata wanga, sukari inaweza kushuka hadi ukapoteza fahamu. Dozi ipunguzwe na daktari kabla ya sahani kupunguzwa. Na wanaotumia dawa ambazo majina yake huishia na "gliflozin", wawe waangalifu zaidi: wakila wanga kidogo sana, damu inaweza kuwa na tindikali ya ketoni ilhali kipimo cha sukari kinasoma karibu na kawaida, na hata mhudumu anaweza kudanganyika. Nenda kliniki na orodha ya dawa zako zote, waambie unachotaka kufanya, na usiondoke bila kuandikiwa dozi mpya na siku ya kupimwa tena.

Kijana wa nyuma, anauliza lehemu, yaani kolesteroli. Pima kabla hujaanza, pima tena baada ya miezi mitatu hivi. Wengi haibadiliki sana; wengine lehemu mbaya hupanda mno, hasa wembamba wanaofuata keto kali. Ikipanda, usikubali kuambiwa kwamba kwako wewe haina neno. Badilisha aina ya mafuta, rudisha wanga kiasi kupitia maharage na matunda, kisha rudi ukapime.