Bahasha Iliyoanzia Kihesa
(Mhadhara kwa vijana wanaojifunza upigaji picha, Iringa mjini)

Kamwene wazazi wangu, kamwene kaka na dada zangu. Ahsanteni kwa kuja na baridi hii ya Julai.

Nimeombwa nieleze klabu yetu ya picha ilivyovuka kipindi cha korona bila kufa. Ninavyoona mimi, ilipona siku tulipoacha kukimbizana na wingi wa picha, tukakaa na picha moja mpaka tukaielewa.

Mnakumbuka Machi 2020. Tarehe 16 mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini, kesho yake shule zikafungwa, keshokutwa yake vyuo. Iringa ni mji wa wanachuo, na zaidi ya nusu yetu walikuwa wanachuo. Walifunga mabegi, wakaenda makwao. Serikali haikuwafungia watu ndani; soko liliendelea, bajaji ziliendelea. Lakini chumba tulichokutania Jumamosi kilikuwa na dirisha moja tu, na baadhi yetu tulikuwa tunaishi na wazazi wazee. Tukakubaliana tusikutane.

Tukahamia WhatsApp. Wiki ya kwanza grupu lilifurika. Mtu anatupia picha 30 za machweo kutoka jiwe la Gangilonga kwa mkupuo mmoja, wenzake wanajibu kwa kidole gumba na "kali sana", basi. Halafu programu ilizibana picha mpaka majani ya mti yakawa kama uji. Baadaye tulijifunza kuzituma kama faili, zikafika nzima, ila zikala bando. Haukupita muda, grupu likawa la tangawizi, malimao na kujifukiza. Na mzee wetu, aliyefanya kazi ya studio tangu enzi za mkanda na chumba cha giza, hakuwemo kabisa, kwa sababu anatumia kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp.

Ni yeye aliyetuokoa. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, safisha picha moja, itie kwenye bahasha, niletee niione."

Tuliobaki mjini tulikuwa 11. Kila mtu akachagua picha moja, akaisafisha saizi ya 4 kwa 6, tukazitia zote kwenye bahasha kubwa ya kaki pamoja na daftari la shule. Ikaanzia kwangu Kihesa, ikaenda Mtwivila, Gangilonga, Mlandege, Kitwiru, ikarudi. Ikikufikia unanawa mikono, unakaa nayo siku 3, unaandika neno lako juu ya kila picha. Kuandika "nzuri" ilikuwa marufuku. Ulitakiwa useme jicho lako limeingilia wapi kwenye picha, limepita wapi, na limetokea wapi.

Jamani, siku 3 ni nyingi! Kwenye simu picha inapita kama abiria kwenye basi. Hizi zilikuwa zimeegemezwa kwenye kabati la vyombo. Unaziona ukinywa chai, unaziona ukizima taa. Siku ya kwanza unaona uso. Siku ya tatu unaona vidole vilivyokatwa na ukingo, na nguzo ya umeme iliyoota kichwani mwa mtu.

Mimi niliweka picha ya mama muuza viazi, nikijivunia. Mzee akaandika: "Umempiga saa sita mchana, macho yake yamezama kwenye kivuli. Rudi saa moja asubuhi, umwombe aelekee jua linakotoka." Nilirudi asubuhi 3. Ya tatu ndipo macho yalipoonekana, na ile picha mama mwenyewe ameitundika kwake.

Bahasha ndiyo iliyotuzalia picha za mlangoni. Mwenye nyumba anasimama kizingitini, mpiga picha uani, mita 2 au zaidi. Ndani giza, nje mwanga. Uso unapata nuru laini isiyohitaji flashi, na nyuma yake panakuwa peusi kama kitambaa cha studio. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukimsogelea mtu na simu mpaka pua inavimba pichani. Umbali tuliowekewa na ugonjwa ukatufundisha kupiga uso ulivyo. Tatizo lilikuwa barakoa: asubuhi za Juni pumzi inapanda, kioo cha kuchungulia cha kamera kinaingia ukungu. Tukashona waya mwembamba kwenye pindo la juu, ukaubana puani.

Kuna picha tulizokataa kupiga, na hapa nasema kwa uzito. Hatukupiga misiba, wala mgonjwa asiyeweza kusema ndiyo au hapana. Mwenzetu mmoja alikuwa na picha ya maziko, ina mwanga wa ajabu. Aliifuta mwenyewe baada ya kuongea na wafiwa. Nilimheshimu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Kuhusu riziki nitasema kidogo. Kazi za harusi na mahafali zilikauka, na bila wanafunzi hata picha za pasipoti zilipungua. Kwa hiyo picha zote za bahasha tulizisafishia kwa mzee. Hazikuwa hela nyingi, lakini mashine yake haikuzimwa.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na tarehe 29 wanafunzi wote waliobaki wakarudi shuleni. Wenzetu waliporudi tulianza kukutania nje, juu ya miamba, kila mtu na jiwe lake. Mapema 2021 hofu ilipotanda tena, hatukuitisha kikao; bahasha ilikuwa tayari njiani.

Ya mwezi huu ninayo hapa mezani. Daftari ni lile lile la kwanza, tumeliongezea karatasi kwa gundi, na mwandiko wa mzee umo karibu kila ukurasa. Imebaki nafasi ya picha moja. Dada yangu uliyekaa hapo mbele, ndoo ya maji iko mlangoni. Nawa, uje uipokee. Siku zako 3 zinaanza leo.