Lenzi Pana ya Mtumba: Cha Kuogopa na Cha Kupuuza

Habari za jioni. Wazee, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwamba leo feni zinazunguka.

Nimeombwa nizungumzie lenzi pana za zumu zilizotumika, yaani zinazoona eneo kubwa na unaweza kuzibadilisha upana, kwa mtu anayepiga picha za kila siku: mtaani, nyumbani, sokoni, kwenye shughuli. Vijana wakinipigia simu wako dukani, huniuliza swali lile lile: "Kaka, hii lenzi ni ya zamani sana, bado inafaa?" Mimi naona wanauliza kitu kisicho na uzito. Umri wa lenzi usikukoseshe usingizi. Uliza imelala wapi. Lenzi ya mwaka 2003 iliyotunzwa sehemu kavu naichukua mbele ya lenzi ya mwaka 2015 iliyopitisha masika kadhaa kwenye kabati la nguo Tanga.

Tusizungumze hewani, tuchukue lenzi moja inayopatikana kwa urahisi: Canon EF 17-40mm f/4L. Milimita 17 ndipo inapoona eneo pana zaidi, 40 ndipo inapoona eneo dogo. Ilitoka mwaka 2003, mwaka ambao Canon walitoa pia kamera ya EOS 10D, yenye megapikseli 6. Ni bomba jeusi lenye pete nyekundu mbele, uzito karibu nusu kilo, filta yake ya milimita 77. Ukizungusha zumu hairefuki. Kioo cha mbele ndicho kinachosogea mbele na nyuma, humo humo ndani ya bomba. Kwa sababu hiyo Canon wenyewe walisema ufungie filta mbele kama unataka izuie vumbi na manyunyu sawasawa. Inafokasi, yaani inaonyesha kitu kwa ukali, kuanzia sentimita 28. Haina kizuia mtikisiko. Tundu lake la kupitishia mwanga likiwa kubwa kabisa ni f/4, basi, halizidi hapo; namba ikipanda, f/8 au f/11, tundu linabanwa.

Sasa mbona zimejaa sokoni? Mwaka 2014 walitoa 16-35mm f/4 yenye kizuia mtikisiko, na mwaka 2018 wakaleta kamera za EOS R, zisizo na kioo cha kuakisi, zenye mdomo mpya wa kufungia lenzi na lenzi zake mpya. Watu wakahama. Kwa hiyo wauzaji wengi wa lenzi hii hawakimbii ubovu wake. Wamebadilisha kamera tu. Na walichokisahau ni kwamba kuna adapta isiyo na kioo hata kimoja ndani, inayounganisha lenzi za EF, yaani za mdomo wa zamani, na kamera mpya, na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Ukiifunga kwenye kamera kama EOS R6, ambayo sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, yenyewe inatulizwa, lenzi hii ya 2003 inapata utulivu ambao haikuzaliwa nao.

Kasoro zake sizifichi. Kwenye milimita 17, tundu likiwa f/4, kona za picha ni laini na zina giza, na mistari iliyonyooka karibu na kingo inavimba kuelekea nje. Ukibana hadi f/8 kona zinapata nafuu kubwa na giza linapungua. Mistari itabaki imevimba, lakini programu za kuhariri zinainyoosha kwa kubofya mara moja. Wanaopima lenzi kwa kupiga picha za chati ukutani wataikosoa, na watakuwa sahihi.

Lakini hebu tumpige picha mama lishe. Saa saba mchana, anapakua wali. Nimeshaomba ruhusa, nimeshaagiza na chakula. Niko kwenye milimita 20, nimesogea mpaka mvuke wa sufuria unanigusa mkono. Sufuria imejaza chini ya picha, upawa uko hewani, uso wake uko juu kidogo ya katikati, na nyuma yake wanaonekana wateja watatu kwenye benchi, mmoja anapuliza chai. Sasa niambieni, kona ya juu kulia kuna nini? Bati na moshi. Hata lenzi ya mamilioni isingekuonyesha kitu pale, kwa sababu hakuna kitu. Picha za kila siku zina watu, na watu hatuwabandiki kwenye kona. Ubovu wa lenzi pana ya zamani umejikusanya mahali ambapo wewe huweki jambo.

Anayepiga picha za majengo kwa ajili ya wasanifu, au za mandhari za kuchapwa ukuta mzima, huyo anahitaji kona zake zote nne. Atafute lenzi mpya zaidi, sina ugomvi naye.

Mmeona nilipokuwa nimesimama, lakini. Ningebaki ng'ambo ya barabara na milimita 17 zangu, mama lishe angekuwa kidoa katikati ya lami, nguzo za umeme na bodaboda. Wengi wanainunua lenzi pana "ili iingize vitu vingi", baada ya mwezi wanaiuza wakisema picha zimepwaya. Kweli zimepwaya, kwa sababu wamesimama mbali. Kwenye milimita 17 pembe ya picha, kona hadi kona, ni digrii 104. Ni eneo kubwa mno, na usipolijaza wewe litajazwa na lami.

Kusogea karibu kuna adabu yake. Ukiwa hatua moja kutoka kwa mtu huwezi kumwiba picha, na mimi nafurahi kwamba lenzi hii inakulazimisha usalimie kwanza.

Kuna faida nyingine ya upana ambayo vijana waliozoea kamera itafute yenyewe macho ya mtu hawaijui. Kwenye kamera ya sensa kubwa, ile yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, weka milimita 17, f/8, zima fokasi ya yenyewe, halafu weka fokasi kwenye mita moja na robo. Kuanzia kama sentimita 60 hadi upeo wa macho, kila kitu kinaonekana kikali vya kutosha. Huna haja ya kuisubiri kamera itafute. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, mtu anatokea kwenye pembe ya nyumba na kupotea kabla hujasema bismillahi. Anayetafuta fokasi amemkosa. Mwanga ukipungua pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, bila aibu. Na kutokuwa na kizuia mtikisiko kusikutishe kwenye upana huu: mkono uliotulia unaweza kushika picha ya sekunde moja ya ishirini. Anayetembea, lakini, mpe angalau sekunde moja ya mia na ishirini na tano, maana kizuia mtikisiko hakimzuii mtu kutembea.

Onyo la harusini. Lenzi pana inavuta vilivyo pembeni. Ukipanga ukoo mzima mstari mmoja, ukapiga kwa milimita 17, shangazi aliyesimama mwisho wa mstari atapanuka nusu tena ya umbo lake, kichwa kitakuwa yai, na hakuna shangazi atakayekusamehe. Rudi nyuma, vuta zumu mpaka 35 au 40, panga watu kwa upinde. Hii ndiyo sababu napenda zumu kuliko lenzi ya upana mmoja kwa kazi zetu: bibi harusi akiingia ukumbini uko 20, familia ikijipanga uko 40, na hujabadilisha lenzi katikati ya vumbi la vigoma.

Haya, tuje kwenye kununua, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Nenda na kamera yako, na simu yenye tochi. Muuzaji atakwambia, "Kitu safi bosi wangu, kilikuwa cha mzungu." Mwitikie, halafu vua vifuniko vyote viwili. Ingiza mwanga wa tochi kwa nyuma, tazama kwa mbele kimshazari, uigeuzegeuze taratibu. Vumbi utaliona, vidoa vidoa. Liache, lenzi yoyote ya miaka ishirini ina vumbi na picha hailioni. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele nao ni wa kuombea punguzo tu, ingawa ukipiga kuelekea jua unaweza kukuletea mng'ao. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni habari nyingine, huo unaonekana. Unachokitafuta hasa ni kuvu: nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Au weupe uliotanda kioo kizima, ambao tochi inaufanya ung'ae. Ukiona kimojawapo, rudisha vifuniko, shukuru, ondoka. Fundi mzuri anaweza kusafisha kuvu changa, lakini ikishakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, rangi ile hairudi.

Kisha angalia skrubu za nyuma. Vichwa vikiwa vimelika, imewahi kufunguliwa. Si kosa, ila uambiwe ni nani aliyeifungua na kwa sababu gani. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho ukiwa umeiweka karibu na sikio. Mchanga unasikika, na mchanga wa pwani una chumvi.

Ifunge kwenye kamera. Piga f/4, piga f/11, piga f/22. Usiishie f/4, kwa sababu kuna ubovu unaojificha pale pale: waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye tundu ukikatika, tundu linabaki wazi na picha za f/4 zinatoka vizuri kabisa. Ukibana tu, kamera inatoa ujumbe wa hitilafu. Mnunuzi asiyejua anajaribu dukani kwenye kivuli, kamera yenyewe inachagua f/4, analipa, anafika barabarani kwenye jua na kilio kinaanza.

Mwisho, tafuta ukuta wa tofali uliojengwa sawasawa, simama uso kwa uso nao, piga f/8, kuza kona moja moja. Kona zote nne zikififia kidogo kwa kiwango kimoja, ndiyo tabia yake. Tatu zikiwa nzuri na moja imeharibika, vioo vyake huenda vimekaa upande, pengine imewahi kudondoka.

Mkitaka kujua umri wake, lenzi nyingi za Canon za miaka hiyo zina msimbo mdogo nyuma kwenye kitako. Tuseme umeandikwa UR na tarakimu 09 mwanzoni. U ni kiwanda cha Utsunomiya, Japani. R ni mwaka 2003, S ni 2004, T ni 2005, unaendelea hivyo. Tarakimu mbili ni mwezi, kwa hiyo hiyo ni ya Septemba 2003. Muuzaji akikwambia ina miaka mitano, unacheka tu kimoyomoyo na kushusha bei.

Ukishanunua, kazi ya kuitunza ni ya kwako, na pwani hii haina huruma. Kuvu inapenda unyevunyevu, joto na giza, na begi la kamera lililofungwa chumbani Dar es Salaam, Mombasa au Pemba lina vyote vitatu. Nunua kontena la plastiki linalofunga kabisa, weka pakiti za silika, na kile kipimo kidogo cha unyevu. Ukikaa kati ya asilimia 40 na 50 uko salama. Ukizidi 60 kwa muda mrefu unafuga kuvu. Silika zinazobadilika rangi ni bora, zinakuonyesha zikishalowa, unazikausha na kuzirudisha. Na lenzi itumike. Lenzi inayotoka nje kila wiki ni nadra kuota kuvu. Mimi nikipewa nichague kati ya lenzi iliyokaa Dodoma na iliyokaa Bagamoyo, hata sifikirii mara mbili. Dodoma ina vumbi, lakini nimeshawaambia vumbi tumeshalisamehe.

Ukumbini wenye kiyoyozi pia muwe waangalifu. Ukitoka nje ghafla mchana, kioo kinatoka jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu, ndipo uitoe.

Nimeona mikono miwili. Dada pale nyuma anauliza kuhusu kamera yake ya sensa ndogo. Dada yangu, kwenye Canon za sensa ndogo zidisha kwa 1.6. Milimita 17 inakuwa kama 27, na hapo unakaribia upana wa kamera kuu ya simu nyingi tu, hutaona tofauti uliyoilipia. Wewe tafuta EF-S 10-22mm ya mwaka 2004, ambayo kwako inakuwa kama 16 hadi 35. Ila jua kwamba EF-S haifungi kwenye DSLR za Canon, zile kamera zenye kioo cha kuakisi, zikiwa za sensa kubwa, kwa hiyo siku ukipanda daraja utaiuza.

Na kaka mwenye Nikon: angalia kama lenzi imeandikwa AF-S, yenye mota ya fokasi ndani yake, au AF tu. Zile za AF na AF-D hazina mota ndani, zinategemea mota ya kamera, na kamera za daraja la D3000 na D5000 hazina. Hata adapta ya FTZ ya kamera mpya za Z haina. Itafunga vizuri, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kwa milimita 18 na f/8, kama tulivyosema, unaweza kuishi nayo. Ila ulipe bei ya lenzi ya kuzungusha kwa mkono, usilipe ya AF-S.