Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Asanteni. Wazee wangu, kina mama, vijana, hamjambo. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie uraia na utambulisho kwa jumla. Mimi nitazungumzia swali moja tu. Wengi wenu mmeshanisikia nikililalamikia, na sitaliacha mpaka liondolewe kwenye ofisi za serikali: babu yako alizaliwa wapi?

Chukueni vijana wawili wa mtaa wa Kibra, hapa Nairobi. Wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na sasa wote wametimiza miaka 18. Wanaondoka pamoja asubuhi kwenda kuchukua kitambulisho, kila mmoja na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi. Wa kwanza anatoa karatasi, karani anazipitia, kijana anapakwa wino vidole, anapigwa picha, anaambiwa asubiri ujumbe. Wa pili anatoa karatasi zilezile. Karani anasoma majina, ananyanyua macho, anasoma tena. "Kabila?" "Mnubi." "Wewe rudi siku ya kamati." Vidole vyake havikuguswa.

Siku ya kamati inafika. Meza ndefu, chifu, wazee, na afisa wa usalama ambaye hajitaji jina. Huko ndiko kupigwa msasa. Leta kitambulisho cha babu. Babu alishakufa. Basi leta cheti chake cha kifo. Na cha kuzaliwa je? Babu alizaliwa Makina, hapohapo Kibra, enzi za mkoloni, nyumbani, mikononi mwa mkunga. Nani angemwandikia cheti? Taja ndugu zake wote. Alizikwa wapi? Haya, sema Kinubi kidogo tukusikie. Mtoto huyu amekulia kwa Kiswahili na Sheng kama watoto wote wa mtaa. Kinubi anakisikia kwa bibi. Anajikwaa. Mzee mmoja anaandika kitu daftarini. Kijana aliniambia kwamba maswali mengine ameyasahau, ila ile kalamu anaiona mpaka leo, kwa sababu hakujua imeandika nini juu yake. Mwishowe akaambiwa aende akale kiapo mahakamani, alete hati, arudi.

Wakati anarudi na kurudi, mwenzake ameshasajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, amefungua akaunti, ameomba mkopo wa chuo. Na ninyi mnalijua jiji hili. Huwezi kupanda ghorofa yoyote pale mjini kabla askari wa getini hajaandika namba ya kitambulisho chako kitabuni. Polisi akikusimamisha usiku, kitu cha kwanza ni hicho. Kijana wetu akawa anajifungia ndani jua likizama, ndani ya mtaa aliozaliwa.

Historia ya Wanubi siirudii hapa. Ya askari kutoka Sudan waliotumikia KAR, jeshi la mkoloni, wakapewa makao kwenye msitu wa Kibra, mmeyasikia tangu utotoni. Nauliza hili tu: mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hatimiliki ya ekari 288 za Kibra kama ardhi ya jamii. Serikali hiyohiyo imekuwa ikimuuliza mjukuu kama babu yake ni wa hapa. Hiyo hati ilimwandikia nani?

Sasa fungueni Katiba. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia. Mama au baba. Babu hayumo. Kabila halimo. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati nyingine za usajili ambazo Serikali huwapa raia. Someni kutoka mwanzo hadi mwisho, hamtaona orodha ya makabila ambayo lazima uwemo ndipo uwe Mkenya. Kwa hiyo huyu babu aliingizwa ofisini na nani? Kila nikiuliza, naonyeshwa mazoea.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mama, na usalama je? Nimelijibu mara nyingi na nalijibu tena. Aprili 2015 tulizika watu 148 waliouawa na magaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wale wauaji alikuwa Mkenya aliyesomea sheria hapahapa Nairobi, mtoto wa chifu. Chifu! Hakuna swali la babu ambalo lingemnasa. Anayenaswa ni maskini asiye na karatasi za miaka ya mkoloni, na akichoka kurudi anaanza kuulizwa pembeni ana kitu gani mfukoni. Hapo usalama uko wapi?

Mwingine ananiambia Nairobi kila mtu anaulizwa kwao ni wapi, hata kwenye matatu, ni mazungumzo tu. Ndugu yangu, Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, vijana walifunga barabara wakadai vitambulisho ili wasome majina na kujua kabila. Watu walikufa kwa jina la pili. Jirani akiniuliza kwetu ni wapi, namjibu na ninamuuliza kwao. Mwenye rungu au mwenye muhuri akiniuliza, mimi siwezi kumuuliza lolote.

Na jiji hili lilishapigwa msasa zamani. Aprili 1954, wakiwasaka Mau Mau, Waingereza walilizingira, wakawaswaga Wakikuyu, Waembu na Wameru mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, wakitingisha kichwa nani aende kizuizini. Waliopelekwa kambi za Mackinnon Road na Manyani ni babu zenu. Wajukuu wao ndio waliokaa kwenye zile kamati. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu familia zilizopitia hayo ndizo nilizotarajia zilikatae swali hili kabla yetu.

Muda. Nilitaka kusema kwa kirefu juu ya Wamakonde waliotembea kwa miguu kutoka Kwale kuja Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, na Washona waliokaa nchini tangu enzi za mkoloni mpaka Desemba 2020 ndipo wakaahidiwa uraia, na Wapemba waliotambuliwa mwaka 2023. Niliwapigia makofi wote. Lakini kutambua kabila la 43 la Kenya, la 44, tutahesabu mpaka lini? Mtu asisubiri kupewa namba ya kabila ndipo mtoto wake afanye mtihani kwa amani.

Februari 2025 Rais alitia saini kule Wajir amri ya kukomesha msasa huu. Nimefurahi, na sijalegea. Amri ya Rais mmoja hufutwa na mwingine. Mimi nataka iwe sheria ya Bunge, karani anayemuuliza mtoto juu ya babu ajue amevunja sheria.

Walio na vijana waliorudishwa, msiondoke. Pale nyuma kuna daftari. Andikeni tarehe, ofisi, na maneno aliyoulizwa, yaleyale, msiyapambe. Wanasheria wetu wanayahitaji hivyo. Haya, maswali. Mama wa leso ya kijani, wewe kwanza.