Udongo Wenye Nyuzi: Mhadhara wa Jioni Nakuru

Habari za jioni. Walimu wangu, wanafunzi, na wazee mliofunga maduka mapema, asanteni. Walio nyuma sogeeni, leo nimekuja na ndoo.

Hiki ni kipande cha kiko kilichovunjika. Jiwe lake ni la bonde la Amboseli, kwenye mpaka wetu na Tanzania. Nakitia majini... mnaona? Kinaelea. Wajerumani huliita povu la bahari. Na wewe kijana, shika hiki kikavu, kiguse kwa ulimi. Kimekunata, sivyo? (Kicheko.)

Jina lake la kitaalamu ni sepiolaiti. Ni udongo wa mfinyanzi, ndugu wa ule mweusi wa Kano unaowakwamisha watu wa Kisumu mvua zikinyesha. Ila wamezaliwa pamoja, tabia mbalimbali. Wa Kano ukinywa maji huvimba, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kutia mkono. Huu hunywa, tena sana, wala hauvimbi. Kwa nini?

Fikirieni mikeka. Udongo wa Kano ni mikeka iliyorundikwa, haikushonwa pamoja. Maji yakipenya katikati, mikeka huachana. Sepiolaiti ni kili nyembamba. Kila ukili una magnesiamu katikati, silika (silikoni na oksijeni) juu na chini. Ukishafika upana wa minyororo 3 ya silika, magnesiamu hukatika, lakini silika haikatiki: hugeuza ncha zake upande wa pili na kuanzisha ukili mwingine, ghorofa ya jirani. Kwa hiyo kili zimefungana pembe kwa pembe kwa oksijeni. Ukizitazama kwa mbele ni ukuta ambao fundi ameweka tofali, akaacha tundu, tofali, tundu. Ukuta wa namna hiyo utavimbaje?

Kila tundu lina upana wa nanomita 1 hivi, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, kimo theluthi yake. Maji hukaa humo, na si ya aina moja. Mengine ni wapangaji tu, joto kidogo huhama. Mengine yameng'ang'ania magnesiamu ukingoni. Hayo hayaanzi kutoka mpaka joto likaribie nyuzi 300 za Selsiasi, na yakitoka jengo hujikunja, matundu yakaziba.

Udongo mwingine wa nyuzi, paligoskaiti, ni mdogo wake: minyororo 2, matundu finyu zaidi, alumini nyingi zaidi. Wamaya wa Mexico waliuchanganya na nili wakapata rangi ya buluu ambayo mpaka leo haijapauka ukutani.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni kama ndiyo ile chokaa nyeupe ya Kariandusi, karibu na Gilgil. Sio, mzee wangu, na ile si chokaa pia. Kariandusi ni magamba ya vijimea vya ziwani, silika tupu. Nyepesi, nyeupe, inadanganya macho. Chini ya hadubini, ile ni magamba, hii sepiolaiti ni nyuzi kama makumbi ya nazi. Sepiolaiti hujijenga penye maji ya magadi yenye magnesiamu na silika tele na alumini haba, kama lile ziwa la kale la Amboseli. Tafadhali msiende na majembe Ziwa Nakuru kesho.

Haya, tazameni ndoo. Kiko kimezama. Vile viputo ni hewa iliyokuwa katikati ya nyuzi, maji yameifukuza. Kitoeni, mkilinganishe na picha yake niliyoichora kabla hatujaanza, mwone kama kimevimba.