Mwanadiplomasia wa Silaha na Sanaa ya Kujua Pa Kupelekea Hoja

SOMOE: Karibu msikilizaji katika kipindi chetu tunachokirekodi hapa Shangani, Mtwara. Leo tunajibu swali la msikilizaji wa Newala, mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, ambaye anataka kujua mwanadiplomasia aliyebobea katika udhibiti na upokonyaji wa silaha hufanya kazi gani hasa, na mtoto wa mkulima wa korosho anaifikiaje kazi hiyo. Shikamoo, Mwalimu Rashidi.

RASHIDI: Marahaba, Bi Somoe. Njia yenyewe si ya siri. Mtu husomea uhusiano wa kimataifa, sheria au uchumi, kisha huomba nafasi ya Afisa Mambo ya Nje Daraja la II pindi zinapotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Wengine hupitia Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, ambacho kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, na sisi wa kando ya Ruvuma tuna haki ya kujivunia jambo hilo. Ubobezi huja baadaye, afisa anapopangiwa dawati na hatimaye kituo kama Geneva, Vienna au New York.

SOMOE: Na huko Geneva, Mwalimu, ndiko mikataba ya silaha inakopikwa?

RASHIDI: Ndiko inakopaswa kupikwa. Upo Mkutano wa Upokonyaji Silaha wenye nchi wanachama 65, ambao huamua kila jambo kwa maafikiano ya wote, hata ratiba yake ya kazi, kwa hiyo nchi moja tu ikikataa, shughuli inasimama. Mwaka 1996 rasimu ya Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia ilikwama humo kwa pingamizi la India. Australia ikaichukua rasimu ileile na kuipeleka Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako kura ndiyo huamua, na tarehe 10 Septemba ikapita kwa kura 158 dhidi ya 3. Tangu hapo mkutano ule wa Geneva haujazaa mkataba mwingine. Afisa anaweza kumaliza miaka yake yote ya kituo akisikiliza mabishano juu ya ratiba.

SOMOE: Sasa ujuzi uko wapi, kama nchi moja inaweza kuzuia kila kitu?

RASHIDI: Uko katika kujua kanuni za kila ukumbi, na kutambua ni lini ubaki na ni lini utoke. Chukua Mkataba wa Biashara ya Silaha, kazi iliyoanza mwaka 2006. Siku ya mwisho ya mkutano wa New York, tarehe 28 Machi 2013, Iran, Korea Kaskazini na Syria zilikataa, na kwa kanuni ya maafikiano mkutano ukawa umeshindwa. Lakini nchi saba zilizoisimamia hoja hiyo tangu awali, Kenya ikiwa mojawapo, zilishajua mlango wa pili uko wapi, na tarehe 2 Aprili Baraza Kuu likaupitisha mkataba kwa kura 154 dhidi ya tatu zilezile, nchi 23 zikijizuia. Siku tano tu, Bi Somoe! Mtu asiyezijua kanuni angefunga mkoba akarudi nyumbani.

SOMOE: Kwa hiyo dawa ni kupiga kura kila mara?

RASHIDI: Hapana, na hapo ndipo ninapomheshimu sana mwanadiplomasia Jayantha Dhanapala wa Sri Lanka. Mwaka 1995 aliongoza mkutano wa kuamua iwapo Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, uongezewe muda bila kikomo. Nchi nyingi ziliunga mkono, na kura ingepita. Yeye aliona kwamba kura ingewaacha walioshindwa wakiwa na kinyongo ndani ya mkataba ambao uhai wake unawategemea wao pia, akaufunga uamuzi huo pamoja na maamuzi mengine mawili, likaongezwa azimio juu ya Mashariki ya Kati, na yote yakapita bila kura.

SOMOE: Mimi bado nina shaka, Mwalimu. Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia wa mwaka 2017 ulipata kura 122, lakini hakuna hata nchi moja kati ya zile tisa zenye silaha hizo iliyoingia. Ule wa mabomu ya kutegwa ardhini wa mwaka 1997, Marekani, Urusi na China hazimo, na mwaka 2025 Latvia, Lithuania na Estonia ziliwasilisha taarifa rasmi za kujitoa. Huko si kujisomea karatasi wenyewe?

RASHIDI: Kwa silaha za nyuklia, shaka yako naikubali. Kwa mabomu ya ardhini, tazama ng'ambo ya Ruvuma. Mkutano wa kwanza wa nchi wanachama wa mkataba huo ulifanyika Maputo Mei 1999, na Septemba 2015 Msumbiji ikatangaza kuwa imemaliza kusafisha maeneo yake yote yaliyojulikana kuwa na mabomu.

SOMOE: Na panya buku wa Morogoro walishiriki.

RASHIDI: Walishiriki, wale wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya hufungwa kamba, hupitishwa mstari kwa mstari, na akinusa baruti hukwaruza ardhi, kisha hupewa ndizi. Uzito wake ni mdogo mno kuweza kulipua bomu. Mkataba uliweka wajibu na muda wa kuutimiza, na fedha za wahisani zikafuata.

SOMOE: Na kwetu mpakani hofu ni bunduki zaidi. Kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020 na watu waliovuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji.

RASHIDI: Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, inahusu mambo yasiyo na mvuto kwa vyombo vya habari: kupiga alama kwenye kila bunduki, kutunza kumbukumbu, kuteketeza za ziada. Bunduki ikikamatwa, ile namba ndiyo inayoonyesha ilitoka ghala gani. Kwa maoni yangu afisa kijana aanzie hapo, kabla ya kuota Geneva.

SOMOE: Msikilizaji wetu anasoma HGL. Sayansi hana.

RASHIDI: Atalazimika kujisomea. Hapo jirani Namtumbo kuna urani ya Mto Mkuju, na anayeiwakilisha nchi Vienna, kwenye Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki, hawezi kujadili ukaguzi wa madini hayo kama hajui yanavyogeuka kuwa fueli ya kinu cha nyuklia. Aongeze na Kireno, majirani anao.