Tafuteni Swali Kabla ya Jibu

Vijana wangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie mashindano ya kesi za biashara, yaani yale ambayo timu ya wanafunzi inapewa maelezo ya tatizo la kampuni, kisha inatetea suluhisho lake mbele ya majaji. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye jambo moja, maana ndilo linaloangusha timu zenye vipaji: kukimbilia jibu.

Timu inapewa kurasa ishirini kuhusu kiwanda cha maziwa ambacho mauzo yake yamekwama. Ukurasa wa pili haujaisha, mmoja keshasema, "Tuwatengenezee programu ya simu!" Basi, kusoma kumekwisha. Kila mtu sasa anasaka hoja za kuitetea programu, ilhali jedwali la ukurasa wa mwisho linaonyesha wazi kwamba maziwa yanachacha njiani.

Tuseme ninyi mmeliona jedwali hilo, mnapendekeza gari lenye jokofu. Vizuri. Sasa nipeni hesabu ya lita moja. Mkulima analipwa shilingi 1,200. Kuchakata na kufungasha, 700. Duka linanunua kwa 2,400. Zinabaki 500. Gari, dereva na mafuta ni shilingi milioni 60 kwa mwaka. Gawanyeni: lita 120,000, yaani karibu lita 330 za ziada kila siku, sikukuu zikiwemo. Je, maduka ya Morogoro yatazimaliza? Jaji makini atawabana hapo hapo, na slaidi nzuri kiasi gani haitawaokoa. Mimi hesabu hii naipenda mno, kwa sababu inamlazimisha mwanafunzi amfikirie mwenye duka, friji yake, na umeme unapokatika.

Mwaka 2016 timu ya wanafunzi wa Earlham College, chuo kidogo cha Indiana, Marekani, ilishinda Hult Prize, shindano la kimataifa la wanafunzi wenye mawazo ya biashara, na kupata mtaji wa dola milioni moja. Wazo lao, Magic Bus, lilihusu abiria wa Nairobi: mtu akate tiketi ya basi mapema kwa ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kitochi, asipoteze muda kituoni. Kilichonivutia ni kwamba walilijaribu Nairobi kwenyewe kabla ya fainali. Walipoulizwa kuhusu abiria, walikuwa na abiria wa kuwazungumzia.

Si kila shindano linatoa nafasi hiyo. Katika John Molson, linaloandaliwa na Chuo Kikuu cha Concordia huko Montreal tangu 1981, timu hupewa kesi na muda wa saa tatu tu za kujiandaa. Kwa hiyo gawaneni kazi mapema: nani anashika hesabu, nani anatunza muda, nani anaandaa slaidi. Na awepo mmoja wa kupinga. Mchagueni kwa makusudi, mumheshimu anapowakera.

Maswali ya majaji nayo yana mazoezi yake. Andaeni slaidi za akiba zenye hesabu zenu zote. Ukiulizwa, toa jibu kwanza, sababu zifuate. Mwenzako akijibu sawasawa, usidakie kuongezea. Mara nyingi nyongeza ndiyo inayofungua tundu jipya.

Kesi zenu ziko kwenye meza ile karibu na mlango, moja kwa kila timu. Dakika ishirini za mwanzo kompyuta zifungwe. Nitakapopita, kila timu inisomee sentensi moja tu: swali ambalo kampuni hii inapaswa kulijibu. Haya, chukueni.