Usiniambie Inauzwa Ngapi, Niambie Iliuzwa Ngapi

Asante, mwenyekiti. Ndugu zangu, habari za mchana. Historia ya fedha ya Kanada sitaigusa leo, mnayo vitabuni. Nina jambo moja tu, na wanaonijua wanalijua, maana nimelisema mpaka nyumbani nikianza sentensi mke wangu anaimalizia.

Bei ya noti ya zamani ni pesa ambayo mtu ametoa mfukoni akalipa. Ile aliyoiandika muuzaji kwenye tangazo ni ndoto yake, na kuota hakuna kodi.

Kwenye maonyesho ya noti hapa Ontario alinijia kijana mmoja, mwenzetu, mstaarabu kabisa. "Shikamoo mzee." Marahaba, mwanangu. Akafungua pochi, na kati ya leseni ya gari na kadi ya basi akatoa noti ya dola moja ya 1954, imekunjwa mara nne. Imekunjwa mara nne! "Mzee, hii ni ile ya shetani. Mtandaoni inauzwa dola elfu nane."

Nikamwambia, keti. Nikampa lenzi. Tazama nywele za Malkia Elizabeth, nyuma ya sikio. Kwenye noti za kwanza za 1954 mwanga na kivuli cha nywele vilifanya kama uso: jicho, pua ya ndoano, mdomo unaokenua. Watu wakalalamika, na kuanzia 1956 sahani za kuchapia zikarekebishwa, pale pakatiwa giza. Ndiyo maana wakusanyaji wanaiita ya shetani ile ya kwanza.

Akatazama. Akaigeuza kwenye taa. "Mzee, naona kitu kama uso." Ataachaje kuuona? Mtu aliyekwisha kuzihesabu elfu nane kichwani ataona uso hata kwenye mfuko wa unga. Nikamwambia, achana na nywele, soma saini chini. Noti za shetani za dola moja zina saini za wakuu wa Benki Kuu ya Kanada wa wakati ule, Coyne na Towers, au Beattie na Coyne. Yako inasema nini? Akasoma polepole: Beattie, Rasminsky. Sasa Rasminsky alikuwa gavana wa benki hiyo kuanzia 1961, miaka mitano baada ya shetani kufukuzwa. Kazi ya lenzi ikaishia hapo.

Mnadhani alikubali? "Lakini mzee, inauzwa elfu nane!" Nikamuuliza, nani kanunua? Kimya. Nikamwambia fungua simu yako, nenda palepale ulipoiona, bonyeza sehemu ya kuonyesha vilivyokwisha kuuzwa tu. Akabonyeza. Zile elfu nane hazikuwepo. Zilikuwepo noti kama yake, zimechoka kama yake, zimeondoka kwa dola tatu, dola nne, nyingine pamoja na gharama ya kutuma. Akazitazama muda mrefu, kisha akaniambia atasubiri bei ipande. Basi asubiri. Noti za namna ile zilichapwa kwa mamia ya mamilioni.

Namwona bwana pale nyuma anatikisa kichwa. Anataka kusema, "Mimi siendi mtandaoni, mimi nina katalogi." Vizuri sana. Katalogi ya Charlton ninayo, na bila ile hutajua noti yako ni ya aina gani, saini zipi, herufi zipi. Lakini bei zilizomo ni makadirio ya rejareja, ya siku kitabu kilipokwenda mtamboni. Soko halikukisubiri. Halafu unaingia nacho dukani kifua mbele, unamwekea mwenye duka kidole kwenye mstari: nipe hii. Na yeye atakula nini? Atakupa pungufu, pengine pungufu sana, na si mwizi. Analipa pango.

Kwa hiyo mtu makini anakwenda kwenye kumbukumbu za minada. Heritage, kampuni ya mnada ya Dallas, Marekani, wanaweka matokeo yao miaka na miaka, picha na bei, ukijiandikisha unayaona bure. Geoffrey Bell, kampuni ya mnada ya kule Moncton, wameuza noti nyingi za Kanada. Ila fungueni macho. Bei za Dallas ni dola za Marekani. Nimeona watu wazima wenye digrii wakizisoma kama za Kanada. Pili, bei inayotangazwa mara nyingi imekwisha kujumlishwa ada ya mnunuzi, ambayo kwa minada mikubwa huzunguka asilimia 20. Hiyo haiji kwako. Wewe muuzaji unaanzia kwenye bei ambayo nyundo ya mnadi iligongea, na hapo napo wanaweza kukukata kamisheni.

Na linganisheni vinavyolingana! Kuchukua bei ya noti mpya isiyo na mkunjo ukaibandika kwenye noti ya pochini ni kupanga embe na kokwa fungu moja. Chukua noti, ilaze chini ya taa ya mezani, iinamishe kidogo kidogo. Mkunjo wa katikati ambao hukuuona mchana utajitokeza kama mstari, na kila mstari una gharama yake. "Basi nitaipiga pasi." Mama, nakuomba! Kwenye noti hizi za karatasi wino wa picha umenyanyuka kidogo, ukipitisha kidole unausikia. Pasi inaulaza. Kuosha kunamaliza uhai wa karatasi. Wapima gredi wa PMG, kampuni inayopima hali ya noti, wanaigundua mara moja, wanaiandika kwenye lebo, na mnunuzi anasoma lebo kabla ya noti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio. Nyota ndogo mbele ya herufi za namba kwenye noti za 1954 ni noti ya badala, iliyowekwa pahali pa iliyoharibika kiwandani. Noti ya shetani yenye nyota, hiyo njoo nayo tuongee. Kwenye noti za 1986 zenye picha za ndege wa porini badala ya nyota tafuta X kama herufi ya tatu, lakini si kila X ni mali. Za 1935 zilichapwa za Kiingereza peke yake na za Kifaransa peke yake; za Kifaransa zilikuwa chache, bei zake ni nyingine. Dola moja ya 1967 yenye 1867 na 1967 pahali pa namba, tafadhalini, msiniletee tena. Nusu ya Kanada iliiweka kabatini.

Mwisho, kwa sababu naulizwa kila mara. Noti za dola 1, 2, 25, 500 na 1,000 si fedha halali tangu Januari 1, 2021, lakini Benki Kuu ya Kanada bado inazikomboa kwa kiasi kilichoandikwa. Kwa hiyo atakayekupa mia tisa kwa noti ya elfu moja, muage. Na ile ya 25 ya 1935, ya jubilii ya Mfalme George V, kama mzee mwenye nyumba wako amekuachia, benki usiipeleke kabisa, watakupa 25 tu. Nipigie simu, hata usiku.